Mpe Mzee wa Kumgombeza

Kwanza vueni pete. Na saa. Ngozi ya mzee wa miaka themanini ni nyepesi kama karatasi iliyoroa. Ukimgeuza kitandani na pete yako ya uchumba utamchana, na hatokwambia, atanyamaza tu na kukuchukia moyoni. Halafu kateni kucha. Halafu jifunzeni kuamkia. Shikamoo isemwe umesimama karibu, umeonekana, si unapita mbio na ndoo mkononi. Na mzee akishaitikia marahaba, usiondoke. Subiri kidogo. Kuna neno linakuja nyuma ya marahaba, na mara nyingi neno hilo ndilo ugonjwa wenyewe.

Nimeyatanguliza hayo ili mkichoka kunisoma mkaacha njiani, muwe mmeondoka na chochote.

Mimi ni Bi. Mwanaisha. Nimefanya kazi katika nyumba ya wazee, huku njia ya Bububu, miaka ishirini na kidogo, tangu katikati ya miaka ya themanini mpaka magoti yaliponikatalia. Skuli nilisoma madarasa manne. Sikuvaa nguo nyeupe za uuguzi. Mimi nilikuwa wa kufua, kuogesha, kulisha, kugeuza na kugombana. Hilo la mwisho halikuandikwa kwenye barua ya kazi, lakini ndilo lililonichukulia wakati mwingi.

Juzi msichana mmoja aliyeajiriwa karibuni kanijia nyumbani.

"Bibi, kuna mzee wodini kwangu analala na paka. Nimtoe?"

"Umtoe nani, mzee au paka?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Nimeona watu wakimtoa paka leo, na wiki ya pili mzee naye anatolewa, miguu mbele. Basi ndiyo nimekaa kitako kuandika haya, kwa sababu naona mnafundishwa mengi, dawa na vipimo na kuvaa glovu, lakini hili la wanyama hamfundishwi.

Msidhani mimi nilizaliwa nikilijua. Nilipoanza kazi nilikuwa na fimbo ya ufagio mkononi, na kila chenye miguu minne nilikiona adui. Wiki ya kwanza nilimkuta paka wa rangi ya kahawia, mnene, kajilaza juu ya mto wa Bi. Mize. Bi. Mize alikuwa mwanamke wa Kizimkazi, mwembamba, mkono wa kulia umemlemaa, mdomo haukulemaa hata kidogo. Nilimpiga yule paka ufagio mmoja akarukia nje dirishani.

Bi. Mize akanitazama.

"Wewe mgeni, una siku ngapi hapa?"

"Siku nne, bibi."

"Huyu Karani ana miaka sita. Akirudi, mwamkie."

Karani ndilo jina la paka. Alimwita hivyo kwa sababu anakaa kutwa na hakuna anachokifanya. Nilidhani mzaha. Kumbe siku ile hakukubali kuogeshwa, wala ya pili yake. Siku ya tatu harufu ikaanza kufika barazani. Nikamwendea Bi. Kazija, aliyekuwa mkubwa wetu wa kazi, mwanamke aliyeogesha wazee tangu mimi bado msichana nasuka ukili. Nikamlalamikia.

"Mwamkie tu," akaniambia. "Kwani shikamoo yako itapungua?"

Basi mimi, mwanamke mzima, mama wa watoto watano, nilisimama mbele ya kitanda nikasema: "Shikamoo, Karani." Na Bi. Mize akaitikia kwa niaba yake: "Marahaba. Usirejee tena." Kisha akanyanyua kanga, akasema maji yaje, lakini yasiwe ya baridi.

Bi. Kazija alinikalisha jikoni siku hiyo, akanipa chai na kipande cha mkate wa boflo, akaniambia maneno ambayo sijayasikia kwa daktari yeyote.

"Mwanaisha, hebu msikilize mzee siku moja, uhesabu anaambiwa mara ngapi. Kaa. Simama. Fumbua mdomo. Meza. Nyanyua mguu. Huyu alikuwa na nyumba yake, akisema yeye watu wananyamaza. Leo hana hata wa kumwambia ondoka hapo. Wote wanamwambia yeye. Mpe wa kumgombeza, utaona atakavyopona."

Nikaanza kutazama. Kweli. Ule mkono mbovu wa Bi. Mize, ambao nikiunyanyua mimi kumsugua kwapa analia kama namchinja, alikuwa akiunyanyua mwenyewe mara ishirini kumfukuza Karani kwenye sahani. Nikaacha kumnyoosha mkono. Nikawa namwekea samaki wake wa kibua upande wa kulia tu, karibu na paka, najifanya sioni. Baada ya miezi mitatu alikuwa anajifunga kanga mwenyewe.

Sasa msikimbilie kuokota paka njiani na kuwatupia wazee. Kuna namna zake. Paka afungwe kengele shingoni, kwa sababu mzee haoni chini na paka anapenda kupita baina ya miguu. Mwenye pumu au kifua kibovu mpe cha kutazama, si cha kukumbatia. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mzee na yako, kabla ya kula, na hapo usibembeleze. Kuku asiachwe chumbani, maana atataga ndani ya foronya na mzee hatokwambia mpaka yai livunjike. Mzee aliyeanza kusahau asiachiwe kulisha peke yake. Tulikuwa na mmoja akimlisha bata wake mara saba kwa siku, kila mara anasema maskini hajala tangu jana, mpaka yule bata akawa hawezi kutembea, anavutwa. Na asiyetaka mnyama usimpe. Mwache atukane wa mwenzake. Hilo nalo linamchangamsha.

Bibi mmoja mgeni wa Ulaya alitutembelea, mtu mwema sana, akatuonyesha picha za wazee wa kwao wamelala na mbwa kitanda kimoja. Wazee wangu wakatazamana. Bi. Mize akauliza: "Na udhu wao je?" Akatafsiriwa yule mgeni, asielewe. Tukamletea Karani, akampakata, wakaelewana wote.

Lakini ninayetaka kuwapa habari yake ni Mzee Nassor.

Alikuja kwa miguu yake, asubuhi, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono. Alikuwa fundi wa kanzu huko mjini, mtaa wa Malindi, mrefu, pua ya Kiarabu, mgongo umepinda kwa kuinamia sindano miaka hamsini. Mkono mmoja kabeba mkeka, mkono mmoja tenga lililofunikwa kanga. Msimamizi wetu, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, akafungua daftari. Mimi nilikuwa napiga deki hapo hapo mlangoni.

"Una nani, mzee?"

"Sina mtu."

"Mke?"

"Kafa, Mungu amrehemu."

"Watoto?"

"Nimekwambia sina mtu. Andika, wino usikukaukie."

Tenga likatikisika. Msimamizi akalitazama.

"Na humo mna nini?"

"Jamaa zangu."

"Si umesema huna mtu?"

"Hao si watu."

Walikuwa njiwa wawili, dume na jike, wa kijivu. Msimamizi akasema hapa si zizi. Mzee Nassor akainama kuokota mkeka wake aondoke. Nikaingilia kati, nikasema nitawasafisha mimi. Msinisifu. Nilijua akitoka pale atalala barazani kwa watu.

Nataka mlielewe hilo neno, hana mtu. Katika nyumba ile lilikuwa neno zito kuliko ugonjwa wowote. Mwenye mtu akifa, mtu wake huja, humwosha, humchukua akazikwa na wazee wake. Asiye na mtu tulimsitiri sisi. Nimeshaona jeneza linatoka na wanaume watano, wanapokezana wao kwa wao mpaka makaburini kwa sababu wa sita hayupo.

Siku ya nne nikalitoa tenga uani nilioshe. Njiwa nikawaacha wapunge upepo. Wakapanda juu ya paa la chumba cha kufulia, wakazunguka mara mbili, wakakata moja kwa moja upande wa mjini. Nikabaki na brashi mkononi.

Nikaenda kumwambia.

"Mzee Nassor, nimekosa. Njiwa wamepotea."

"Hawakupotea. Wamekwenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Malindi."

Akageuka, uso ukutani. Jioni hakula. Asubuhi hakula. Mimi nilishazoea wazee wanaokataa chakula kwa maneno, na hao siwaogopi. Ninaowaogopa ni wanaokataa kimya.

Alasiri ya siku ile akapiga hodi mwanamke wa makamo, buibui limejaa vumbi, tenga kichwani.

"Nimewaleta njiwa wa baba."

"Baba yako nani?"

"Nassor, fundi kanzu."

"Mzee Nassor hana mtu."

Akalitua tenga chini taratibu. "Kasema hivyo?"

"Na imeandikwa."

Yule mwanamke, Zuwena jina lake, akakaa kwenye ngazi. Akawa analia na kucheka pamoja, sijui kipi kilitangulia. Akanieleza. Binti yake alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, uzazi wa kwanza, kama ilivyo ada. Mtoto alipozaliwa maziwa hayakushuka. Majirani wakasema mzazi apewe supu ya njiwa. Juu ya dari, babu ana njiwa thelathini.

"Nilipanda alfajiri, nikatia mkono, nikamkamata wa kwanza. Nitajuaje, dada yangu? Kwangu mimi njiwa ni njiwa."

Kumbe alikamata dume jeupe lenye mkia mweusi, ambalo baba yake alilikuza tangu kinda kwa kulitafunia mtama, na likawa linamkalia begani akishona.

"Sasa akagombana nawe kwa kumchinja?" nikamuuliza.

"Laiti ingekuwa hivyo tu. Supu ilipoiva nilimpa na yeye bakuli. Akanywa. Akasema tangu mama yako afe sijala supu kama hii. Akaomba aongezwe. Nikamwongeza. Halafu akapanda juu kuwapa njiwa maji."

Mimi si mtu wa kucheka ovyo, lakini nilikwenda nyuma ya mlango nikaziba mdomo na upindo wa kanga.

"Nimeshakuja mara mbili," akasema Zuwena. "Naambiwa getini mzee kasema hana mtoto. Leo nimekuja na mali yake. Mali yake ataikataa?"

Hakuikataa. Nilimpeleka mpaka chumbani. Zuwena akasema shikamoo baba, mzee hakuitikia. Mzee akafungua tenga, akamtoa jike, akamweka kifuani, akamsemeza yule njiwa.

"Umekuja na nani?"

Njiwa akapepesa macho.

"Muulize huyo aliyekuleta kama kakupa chakula."

Zuwena akanitazama mimi, kisha akamtazama njiwa. "Mwambie nimekupa mtama."

"Mwambie mtama wa duka lile una mchanga."

"Mwambie nimeupepeta."

"Mwambie akae. Kasimama ananizibia mwanga."

Akakaa. Mimi nikajishughulisha kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Jioni ile mzee alimaliza ubwabwa wote na kukomba sahani.

Tokea hapo, kila Alhamisi asubuhi Mzee Nassor ananiita. "Bi. Mwanaisha, tenga linanuka. Liangalie." Nami namwambia nikilifungua watakwenda tena. Na yeye ananijibu njiwa hafungwi kama mwizi. Nafungua, wanakwenda. Ijumaa baada ya sala Zuwena huyo na tenga kichwani, jasho linamtoka. Anakaa saa nzima. Mazungumzo yote yanapita kwa njiwa. Muulize kama paa la jikoni linavuja. Mwambie limezibwa. Muulize mzazi katoka arubaini? Mwambie katoka, maziwa tele. Siku moja njiwa alisinzia katikati ya mazungumzo na mzee akamgombeza: "Amka, unasemezwa!"

Na mimi, na akili zangu zote, wiki sita nadhani kosa ni langu. Kila Ijumaa namwomba Zuwena radhi. Mpaka siku moja nikamweleza Bi. Kazija, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, nilikwenda kumtazama. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wee Mwanaisha, mfugaji akimhamisha njiwa humfunga bawa moja kwa uzi mpaka azoee, mpaka atage pahali papya. Akishataga haendi tena. Kila mtoto wa mjini anajua. Sembuse aliyefuga miaka hamsini?"

Nikarudi na kijiti cha uzi.

"Mzee Nassor, nimeambiwa dawa yao ni kuwafunga bawa. Nikufungie?"

Akauchukua uzi, akaupima baina ya vidole kama fundi. "Uzi huu mbovu."

Kesho yake nikaleta mwingine, mzuri, wa kushonea kofia.

"Rangi yake si nzuri," akasema.

Nikaurudisha mfukoni. Nikajua kazi yangu pale ni kufungua tenga kila Alhamisi.

Sasa yakaja matatizo. Nilikuwa nimewapigilia kisanduku cha sabuni chenye kimlango ukutani, kwenye kivuli, ili wasinichafulie mashuka kwenye kamba. Asubuhi moja nachungulia, mayai mawili. Nilifurahi kama mjinga. Alhamisi nikafungua kimlango. Dume likaruka, likanywa maji, likarudi kumpokea jike. Hakuna aliyeutazama mji.

Ijumaa Mzee Nassor akavaa kanzu ya kupigwa pasi, akakaa barazani. Zuwena hakuja.

Ijumaa ya pili akakaa tena. Zuwena hakuja. Sahani ikarudi jikoni kama ilivyotoka.

"Nilijua," akaniambia. "Alikuwa na haja na njiwa."

"Si umtumie salamu?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyekosewa."

Ukaidi ule! Wiki ya tatu akaanza kulala kutwa. Nikimgeuza alikuwa mwepesi, nahisi mifupa ya bega. Msimamizi akapita na daftari lake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sanda zipo za kutosha. Nilimwambia aondoke mbele yangu.

Nikafanya jambo ambalo silionei fahari. Nilipanda juu ya kiti, nikamsukuma jike, nikayatia mayai yale mawili mkononi. Yalikuwa na joto. Nikasema haya yakiondoka, njiwa watakwenda Malindi kesho, na kesho kutwa Zuwena atakuja nao.

"Rejesha."

Mzee Nassor alikuwa amesimama nyuma yangu, kashikilia ukuta. Sikujua kama bado ana nguvu za kufika pale.

"Mzee, unajua na mimi najua kwa nini huwafungi hawa njiwa. Niache."

"Rejesha, nimesema. Wa kwanza nilimla na nikaomba niongezwe. Hawa hawaliwi kwa ajili yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amemkasirikia Zuwena tu. Nikayarejesha. Jike likanidonoa kidole, na ni haki yake.

"Basi nimwite?" nikamuuliza.

"Usimwite."

"Nisimwite?"

"Usimwite, Bi. Mwanaisha, mimi sibembelezi mtu." Akatembea hatua mbili, akasimama. "Lakini wewe si hununua dagaa Malindi?"

"Mimi sijanunua dagaa Malindi hata siku moja."

"Pana dagaa wazuri."

Nikavaa buibui langu saa ile ile. Nyumba sikuijua, ila niliulizia fundi kanzu mwenye njiwa, mtu wa kwanza akanionyesha. Nikamkuta Zuwena juu, darini, kasimama kaweka mkono juu ya macho, anatazama upande wa Bububu. Aliponiona akashika kifua.

"Baba kafa?"

"Bado. Lakini anajitahidi. Mbona huji?"

"Njiwa hawaji! Kila siku napanda kutazama. Wiki ya kwanza nikasema labda mwewe. Ya pili nikajua. Kawafunga mbawa. Kanifungia mlango, Bi. Mwanaisha, hanitaki tena. Mtu mzima akikufukuza mara ya tatu utarudi kwa uso gani?"

Nilimtazama. Kwa baba kule haji mtu, kwa binti huku haji njiwa, na kila mmoja kanuna kwake. Nikampandishia sauti, jirani wakachungulia.

"Hakuwafunga! Uzi nimempa mara mbili kaukataa! Njiwa wametaga, wanalalia mayai, wana udhuru wao. Wewe una udhuru gani?"

Akashuka ngazi mbele yangu kwa mbio.

Alikuja kesho yake asubuhi, wala haikuwa Ijumaa. Tenga hakuwa nalo. Alikuwa na kijukuu cha mzee mikononi, kile kitoto cha maziwa yasiyoshuka, kimefungwa kwenye kanga. Kimenona, mikono ina mapingili kama ya mua. Zuwena akasimama mlangoni, hakuna njiwa wa kupitishia maneno, wote wako kwenye kisanduku na mayai yao. Nikamwona anatafuta pa kuanzia. Basi akaenda tu, akamweka mtoto kwenye mapaja ya baba yake.

Mzee Nassor akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama, akazikamata ndevu kwa mikono miwili, akavuta.

"Huyu ndiye aliyemla dume langu?"

"Ndiye, baba. Kwa maziwa ya mama yake."

"Kanenepa."

"Sana, baba."

Akakipima kile kitoto, akakinyanyua kidogo, akakishusha, kama anavyopimwa njiwa sokoni. Machozi yalikuwa yanampita pembeni ya pua lakini yeye kama hana habari nayo.

"Zuwena."

"Naam, baba."

"Supu ile ilikuwa tamu. Ndiyo iliyoniuma."

Zuwena akaangua kicheko na kilio, na mzee naye, na mtoto akashtuka akakojoa, kanzu yote. Nikaletewa mimi nifue. Kanzu ile niliifua kwa moyo mmoja.

Msimamizi akafuta ukurasa wake akaandika upya. Zuwena alitaka kumchukua baba yake saa ile ile, mwenyewe akakataa. Akasema haondoki na kuacha wanaoatamia. Akakaa mpaka mayai yakaanguliwa, na makinda wakaota manyoya, na wakajifunza kuruka kutoka kisandukuni mpaka kwenye kamba ya mashuka yangu. Akala kama mtu wa shamba. Ndipo akafunga mkeka, akatia tengani wanne, akaenda kwao.

Baada ya wiki mbili, asubuhi, natoka na beseni, naona makinda wawili juu ya paa la chumba cha kufulia. Nikawatambua. Wale walizaliwa kwetu. Kwao ni kwetu. Jioni akaja Mzee Nassor kuwafuata, Zuwena kamshika mkono. Alikaa na Bi. Mize mpaka karibu na magharibi, wakibishana kama Karani awaombe njiwa radhi kwa kuwatolea macho. Wazee wote wakatoka barazani kusikiliza, hata wasiotoka. Wiki iliyofuata makinda wakarudi tena, na yeye akarudi tena. Nikamuuliza Zuwena kwa siri kama kuna uzi nyumbani. Akasema uko, lakini baba hauoni.

Ilikwenda hivyo miaka, mpaka alipofariki nyumbani kwake, akaoshwa na wakwe zake, akazikwa na watu ambao sikuweza kuwahesabu.

Na mimi niseme langu, kwa vile ya wenzangu nimeyasema yote. Kila Jumatano, kabla sijaondoka kazini, nilikuwa napanda kwenye kiti na kumwaga mtama juu ya paa lile, mwingi, uliopepetwa, mzuri kuliko waliokuwa wakiupata Malindi. Yule msimamizi ameshastaafu siku nyingi. Hata hivyo msimwambie.